Koti la Mlingoti

Kichanga cha koti namba kumi na moja hakikulia.

Lilikuwa jambo dogo, na mtu mwingine angelipita bila hata kugeuza shingo. Bi Stoo hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa na miaka kumi na minne akitunza vifaa vya kikosi cha zimamoto, na kila Jumatatu asubuhi alipita mbele ya makoti ishirini na mawili yaliyotundikwa ukutani, akawasha kichanga cha kila koti, akarudi nyuma kusubiri. Kichanga ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachobanwa kifuani. Zimamoto akikaa nusu dakika bila kujitikisa, kidude kinajua ameanguka, kinaanza kupiga kelele za kupasua masikio ili wenzake wamtafute kwa sauti ndani ya moshi. Ukikitikisa, kinanyamaza. Ndiyo sababu kikosi kilikipa jina hilo, maana kinataka kubembelezwa muda wote.

Koti lililotundikwa halina mtu ndani, kwa hiyo halijitikisi, kwa hiyo kichanga chake lazima kilie. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Jumatatu hiyo makoti ishirini na moja yalilia kwa zamu, na Bi Stoo akayanyamazisha kwa zamu huku akiyagombeza kidogo kama kawaida yake. Namba kumi na moja lilikaa kimya, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka.

Akabadilisha betri. Akakibandua kichanga na kukiweka mezani, kikalia vizuri tu. Akakirudisha kwenye koti, kikanyamaza. Akakitoa, kikalia; akakirudisha, kikanyamaza. Alirudia mara tatu, na mara ya nne mikono yake ikakataa, kwa kuwa alivijua vidude vile kama anavyovijua vidole vyake na hakuwahi kukutana na kimoja kinachosema uongo. Kidude kilikuwa kinamwambia kwamba aliyevaa koti lile anajitikisa. Koti lenyewe lilikuwa limetulia tuli kwenye kigingi chake, mikono ikining'inia.

Kwenye kadi ya ukaguzi akaandika "kizima," akaenda kunywa chai.

Aliyemfahamu angejua hapo hapo kwamba ana lake jambo. Bi Stoo alikuwa mkali wa vifaa kuliko Mkuu wa kikosi mwenyewe. Wazimamoto wanapenda masizi kama watu wengine wanavyopenda marashi. Koti likiwa jeusi wanaona ndicho cheo. Yeye aliwangojea mlangoni wanaporudi kutoka motoni, na hakuna aliyempita na koti chafu. Aliwaambia kwamba moshi wa plastiki na wa rangi unakaa kwenye nyuzi, unaingia mwilini na jasho, unakungoja miaka kumi kisha unakuulia kitandani ukiwa umeshastaafu. Aliyafua makoti yote kwa maji ya uvuguvugu, kitambaa cha nje mbali na cha ndani mbali, akayaanika kivulini, akapitisha tochi kwenye kitambaa cha ndani kutafuta tundu. Kulipeleka koti nyumbani lilikuwa kosa asilolisamehe hata kwa mwenye cheo. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Mkwe, naye alijua, na jina alilipenda.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja, na ulikuwa na urefu wa futi sita na nusu. Mdogo wake wa kiume, ambaye kikosi kizima kilimwita Ngazi, alikuwa mtoto wa kunyonya wakati mama yao alipofariki. Bi Stoo alikuwa na miaka kumi na sita. Ndiye aliyemlea, hakupata mtoto mwingine, na mpaka leo walikaa nyumba moja, Ngazi akiwa na chumba cha nyuma. Alipotaka kuwa zimamoto dada yake aligoma wiki mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba vifaa vyake atavikagua yeye mwenyewe mpaka siku atakayostaafu.

Tatizo lilikuwa hakuna koti la kumtosha. Lile aliloanza nalo lilimwishia juu ya viganja, na mwaka wa tatu Bi Stoo alipolimulika aliona mwanga ukipenya mabegani kama kwenye chujio la chai. Koti la hivyo halizuii mvuke. Mtu anapikika ndani yake. Aliandika barua tatu kuomba jipya. Alijibiwa vizuri sana, kwa barua.

Wakati huohuo, kwenye rafu ya juu ya stoo, ndani ya mfuko uliofungwa kwa utepe, lilikuwepo koti la Mlingoti. Huyu alikuwa mrefu mwingine wa kikosi, aliyefia kwenye ghala la karatasi baada ya mtungi wake wa hewa kwisha, bila hata kovu moja la moto. Wachunguzi walipomalizana na koti lake walilirudisha pamoja na amri ambayo kila kikosi kinaijua: koti alilofia mtu halivaliwi tena. Linakatwa vipande, mikono kwanza, na mtunza vifaa anaweka sahihi. Bi Stoo alilikagua. Mishono mizima, kitambaa cha ndani kizima, urefu ndio huo huo aliokuwa akiulilia kwenye barua zake. Alilifua mara mbili, akabandua utepe wa jina, akashona namba mpya, kumi na moja, akampa mdogo wake na kumwambia kwamba limetoka makao makuu. Kisha akachukua kadi ya zamani akaandika, "Limekatwa na kuteketezwa." Akaweka sahihi.

Alilifanya kwa mapenzi. Hilo lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Baada ya mwezi mmoja hivi Ngazi akaanza kufanya maajabu. Kabla ya hapo alikuwa zimamoto wa kawaida, mwoga kwa kiasi kinachofaa. Sasa alikuwa anaachia mpira wa maji na kuingia moshini peke yake, mahali ambapo Mkuu ameshasema basi, na kila mara alitoka na mtu. Kwanza bibi kizee aliyejifungia bafuni. Halafu mapacha waliojificha uvunguni mwa kitanda. Halafu fundi aliyekuwa ndani ya shimo la gereji, gari likiwaka juu yake. Watu wakawa wanamsimamisha njiani kumpa mkono. Alipoulizwa amejuaje walipo, alisema aliwasikia wakigonga, na wenzake walitazamana, kwani wao hawakuwa wamesikia kitu.

Waliompa mkono waliurudisha upesi, wakautazama, kisha wakajifanya hamnazo. Mkono wa Ngazi ulikuwa unaunguza.

Bi Stoo aliyaona yake stoo. Kila alipolipokea koti lile mlangoni, nje lilikuwa safi. Masizi yalikuwa upande wa ndani, kwenye kola, mgongoni, ndani ya mikono mpaka kwapani, kana kwamba kilichokuwa kinaungua kilikuwa humo humo. Alilifua, maji yakatoka meusi, akayamwaga, yakatoka meusi, akayamwaga, mpaka aliliacha kwa kuchoka na si kwa kutakata. Alipolianika kivulini lilikauka mikono ikiwa imejikunja viwikoni. Aliinyoosha. Alipogeuka kuchukua koti jingine na kutazama tena, ilikuwa imejikunja.

Na harufu. Harufu ya moshi haikumtisha, alikuwa ameizoea kuliko ya sabuni. Hii ilikuwa harufu ya kitu ambacho hakijaanza kuwaka, waya unaopata joto ndani ya ukuta, pasi iliyosahauliwa juu ya shuka katika chumba ambacho huna ufunguo wake.

Kisha Ngazi akaanza kulileta koti nyumbani.

Bi Stoo alilikuta mchana mmoja baada ya zamu, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma. Mwingine yeyote angepata siku hiyo maneno ya mwaka mzima. Kwa Ngazi alifunga mdomo, kwa kuwa aliyevunja amri ya kwanza juu ya koti lile ni yeye. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ngazi alikuwa amelala chali, macho kodo, akiongea polepole kama mtu anayejibu maswali, na dada yake akasimama ukumbini na kikombe cha maji aliyokuwa anampelekea, akasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotambua kwamba Ngazi akinyamaza, kimya hakiji, bali unakuja mchakacho mkavu, wa kitambaa kizito kinachosuguana na kitambaa, unadumu kiasi cha sentensi moja, kisha Ngazi anajibu, kisha mchakacho unarudi, na haya yote katikati ya mchana mweupe, redio ya jirani ikicheza muziki, watoto wa shule wakipita dirishani wakigombania kifutio, huku maji ndani ya kikombe yakianza kupata joto kwenye vidole vyake, naye asithubutu kuingia wala kuondoka.

Alipoingia hatimaye, Ngazi alikuwa amelala usingizi. Koti lilikuwa linayumba kidogo nyuma ya mlango, na hapakuwa na upepo.

Kijana alikuwa amekonda. Chakula alikigusa tu ili asigombezwe. Muuguzi wa ambulensi, mwanamke mpole aliyekwenda na kikosi kwenye kila moto, alimpima joto kituoni mara mbili, akajipima na yeye kuhakikisha kipimajoto ni kizima, kisha akamvuta Bi Stoo kando. Alisema mtu mwenye joto lile angepaswa kuwa anaweweseka kitandani, si kucheza karata. Mwili wake ulikuwa unakula akiba yake wenyewe, na akiba ikiisha moyo utasimama. Ngazi alikuwa amekataa kwenda hospitali, akacheka. Muuguzi alimpa wiki tatu, labda nne, na alisema hivyo akitazama chini.

Siku hiyo hiyo Bi Stoo alichukua mkasi mkubwa wa stoo. Alifunga mlango, akalishusha koti, akalilaza mezani. Lilikuwa na joto la mnyama aliyelala. Alipoushika mkono wa kulia wa koti na kuuingiza katikati ya mkasi alihisi, chini ya kitambaa, kitu kikikakamaa.

"Dada. Usiliguse."

Ngazi alikuwa amesimama mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Hakupaza sauti. Bi Stoo akasema alikuwa anakata uzi tu. Ngazi akaja akalichukua, akalivaa katika joto lile la saa saba mchana, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaketi nalo uani mpaka jioni bila kutoa tone la jasho.

Kesho yake Bi Stoo akapiga moyo konde akaenda kwa Mkunga.

Mkunga alikuwa mama mstaafu aliyekaa ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa. Alikuwa amezalisha nusu ya mji, na watu walijua kwamba wakati wa kazi yake alikuwa amejifunza pia kuwatoa ndani ya watu wale wasiozaliwa na mtu. Hakuwa na manukato wala vitambaa vya rangi. Alikuwa na miwani, daftari na maswali, na aliyauliza kama anayemhoji mjamzito: lini, wapi, mara ngapi, nani mwingine anajua. Bi Stoo alijibu yote mpaka walipofika kwenye kadi, na hapo ikabidi asimulie jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu.

"Uliandika limekatwa?" Mkunga akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa mkono wako."

"Nikaweka na sahihi."

Mkunga akavua miwani. "Basi nyumba umeijenga mwenyewe. Kitu chenye mwenyewe viumbe hawa hawakigusi, na kilichoteketea hawana haja nacho. Wewe umechukua kitu kilichopo ukawaambia watu hakipo. Hapo ndipo wanapoingia."

Bi Stoo akauliza, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida, kama ni marehemu Mlingoti amerudi. Mkunga akatikisa kichwa. Marehemu alikuwa amepumzika zake, alisema. Hili lilikuwa jini, limeumbwa kwa moto na linautamani moto, na safari hii limepata miguu mirefu ya kulipeleka.

"Litamla?"

"Linamla sasa hivi. Wewe si umeniambia amekonda?"

Kisha akamwelekeza la kufanya, na lilikuwa jepesi kiasi cha kutisha. Amwambie Ngazi kwa mdomo wake mwenyewe koti lilikuwa la nani na alidanganya nini. Uongo ukishakiriwa na aliyeusema, jini halitakuwa na pa kujificha, litatoka. Baada ya hapo alikate koti, pasibaki kipande cha kuvalika.

"Lakini mwambie akiwa nyumbani, ameketi," Mkunga akasema, akimshika kifundo cha mkono. "Siku hizi si yeye anayelibeba koti. Koti ndilo linalombeba. Likimwachia, ataanguka hapo hapo alipo."

Bi Stoo alishuka ngazi akiyapanga maneno. Alikuwa amefika sentensi ya kwanza, "Mdogo wangu, nikukalishe chini," akaona inachekesha, akaibadilisha kuwa "Keti nikwambie," aliposikia ving'ora.

Kiwanda cha magodoro kilikuwa kinawaka. Sponji ikishika moto moshi wake ni mzito na wa sumu, na kwa moto wa namna hiyo kikosi kizima kinatoka. Bi Stoo aliwahi gari la pili lililobeba mitungi ya akiba. Kwenye moto mkubwa kazi yake ilikuwa ubao: anaandika anayeingia na dakika aliyoingia, na hewa ya mtu ikikaribia kwisha anamwita. Alipofika, Ngazi alikuwa ameshaingia. Aliuchukua ubao kwa aliyekuwa ameushika, akaliona jina la mdogo wake, tayari dakika kumi na mbili ndani.

Mtungi mmoja ni nusu saa, na nusu saa ni kwa mtu mtulivu. Dakika ya ishirini na tano mwenzake Ngazi akatoka akitambaa, akavua barakoa, akasema Ngazi ameachia mpira wa maji na kwenda mbele, amemwita hakugeuka. Mkuu akamwita kwenye redio, akaamuru arudi. Meneja wa kiwanda alikuwa kando ya Mkuu na orodha yake mkononi. Wafanyakazi wake arobaini na wawili wote walikuwa nje, alikuwa amewahesabu mara mbili.

"Bado kidogo, Mkuu," redio ikajibu. "Kuna mtu anagonga."

"Hakuna mtu. Wote wametoka. Rudi."

"Bado kidogo."

Dakika ya thelathini ikapita. Ya thelathini na mbili. Ya thelathini na tano, na mtungi ule haukuweza kuwa na hewa tena, na bado redio ilipofunguka sauti ya Ngazi ilikuwa shwari kama ya mtu aliyekaa barazani, na chini ya sauti yake Bi Stoo, aliyesikiliza pumzi za watu ndani ya barakoa miaka kumi na minne, alisikia pumzi moja ikiingia na kutoka, na katikati ya hiyo, mahali palipotakiwa kuwa patupu, pumzi nyingine, ndefu kuliko ya mtu, isiyoishia mahali, na akajua kwamba kinachogonga huko ndani ni chambo tu, kwamba jini limemfikisha mdogo wake lilikotaka kumfikisha tangu siku ya kwanza, na kwamba hakuna tena nyumbani wala kuketi, kuna sasa hivi tu, na akimwambia ataanguka ndani ya moto na asipomwambia hatatoka kabisa.

Akampokonya Mkuu redio.

"Ngazi, ni dada yako. Koti ulilovaa lilikuwa la Mlingoti. Halikutoka makao makuu. Niliambiwa nilikate, nikaandika nimelikata, nikakupa wewe. Nilikudanganya, mdogo wangu. Rudi."

Wazimamoto waliokuwa karibu waligeuka wote. Mkuu alimtazama kama hajawahi kumwona. Redio ilikoroma tu, kwa muda mrefu.

"Dada?" Ngazi akasema. Sauti ilikuwa yake, changa, ya mtu aliyeamshwa asijue amelala wapi. "Mbona kuna joto hivi?"

Baada ya hapo hakusema tena. Bi Stoo alihesabu kwa midomo. Alipofika thelathini, kichanga kikalia.

Kililia ndani kabisa ya jengo, kikali, bila kupumzika, na wanaume wanne wakaingia wakiifuata sauti. Walimtoa wakimburura kwa mikanda ya mtungi. Barakoa ilikuwa imemganda usoni, mtungi ulikuwa mtupu. Muuguzi akapiga magoti, akachomoa mkasi wake wa kukatia nguo, akaanza na mkono wa kulia, na alipofika begani Bi Stoo akauchukua ule mkasi mkononi mwake na kuendelea mwenyewe, mkono wa kushoto, kola, mgongo, akikata na kulia kwa sauti mbele ya watu, na harufu ile ya waya na ya pasi ikapanda ikamjaa puani mpaka akatapika, akajifuta, akaendelea kukata. Kipande cha mwisho kilipoachana, kitu cha moto kilimpita shavuni. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye jengo. Kitu hicho kilikwenda kinyume cha upepo, kikarudi ndani.

Hakukitilia maanani. Ngazi alikuwa amevuta pumzi.

Mkuu alingoja mpaka ambulensi ilipoondoka, kisha akamwambia Bi Stoo aandike maelezo yote na akabidhi funguo. Alisema bila hasira. Bi Stoo alikabidhi funguo, akaona ni bei ndogo.

Ngazi aliamka hospitalini kesho yake saa sita mchana. Joto lilikuwa limeshuka. Muuguzi alikuwa amepita asubuhi, akampima, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Bi Stoo alikuwa ameketi kando ya kitanda, kiti kikiwa kimeegemea ukuta, na alipoona macho ya mdogo wake yamefunguka alianza tena kuomba msamaha tangu mwanzo, kadi, namba, barua. Ngazi akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na dada yake alifurahi kwa ubaridi ule kuliko kwa kitu chochote maishani.

"Nilijua," Ngazi akasema. Koo lilikuwa limemkauka, alisema maneno machache machache. "Lilisema ni Mlingoti, wiki ya kwanza. Nikaona si yeye. Likaacha kujisingizia."

"Na ukaendelea kulivaa? Lilikuwa linakuua."

"Ndiyo. Lilikuwa linanivuta ndani, dada. Lakini kila liliponivuta, mtu alikuwepo. Yule bibi. Wale watoto. Halikuwahi kunipeleka mahali patupu." Akatazama dari. "Jana nilikuwa namsikia kabisa. Mlango wa chuma, mwishoni. Zilinibakia hatua chache. Waulize kama wamemtoa."

Bi Stoo akamwambia kwamba wafanyakazi wote walikuwa wamehesabiwa. Ngazi akarudia, kwa upole, kwamba awaulize.

Bi Stoo akatoka hadi ukumbini, akampigia Mkuu simu. Mkuu alikawia kupokea. Walikuwa wamemkuta mtu asubuhi hiyo, ameshakufa, walipokuwa wanapoza jengo. Mlinzi wa zamu iliyotangulia, aliyemaliza kazi akajilaza kwenye chumba cha mabaki ya sponji kabla ya kwenda kwake, kwa hiyo jina lake halikuwa kwenye orodha ya mchana. Mlango wa chuma ulikuwa umejibana kwa joto. Bi Stoo akauliza ni umbali gani kutoka pale walipomwokota Ngazi. Mkuu akasema kama hatua kumi. Hakumlaumu. Alisema tu, kama mtu anayejiambia mwenyewe, kwamba vifundo vya vidole vya yule mlinzi vilikuwa vimechubuka mpaka mfupa.

Bi Stoo alisimama ukumbini muda wa kutosha kwa manesi wawili kumuuliza kama anahitaji kitu. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akaingia.

"Wanasemaje?"

"Hapakuwa na mtu," akasema. Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka kirahisi, kama kwenye kadi. "Wamekagua kila chumba. Wote walitoka salama."

Ngazi akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Bi Stoo alimvuta shuka mpaka kifuani, akaketi, akaegemeza mgongo ukutani. Alikuwa hai. Mengine angeyabeba yeye, na alijiona anaweza. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la chakula, gurudumu likilia.

"Dada."

"Naam."

"Kama hapakuwa na mtu, mbona bado anagonga?"

Mgongo wa Bi Stoo ulikuwa umegusa ukuta, na naye alikuwa ameshaanza kumsikia akigonga humo ndani.